Wanawake wa Heri na Mgeni wa Mazinde

Mwishoni mwa Aprili 2012, katika jumba la Globe lililo ukingoni mwa mto Thames jijini London, lile pandikizi la mtu la Shakespeare, Sir John Falstaff, lilisikika likitongoza, likilaghai na kujinasua kwa Kiswahili. Tamthilia ilikuwa The Merry Wives of Windsor, na jina lake jipya lilikuwa Wanawake wa Heri wa Winsa. Mfasiri wake alikuwa Joshua Ogutu, ambaye pia alipanda jukwaani pamoja na waigizaji. Walioiongoza ni Daniel Goldman na Sarah Norman, na waliokwenda nayo ni kundi la Bitter Pill likishirikiana na The Theatre Company ya Nairobi. Waigizaji walikuwa wanane tu, wakigawana miongoni mwao mji mzima. Wengi wao walitoka Kenya, lakini Falstaff mwenyewe alikuwa Mtanzania, Mrisho Mpoto, yule mghani wa “Mjomba” na “Nikipata Nauli” aliyezoeleka kupanda jukwaani miguu mitupu na kuwasema wakubwa kwa mafumbo.

Hilo lilikuwa tamasha kubwa. Katika mwaka huo wa michezo ya Olimpiki ya London, Globe iliamua kuzionyesha tamthilia 37 za Shakespeare kwa lugha 37, kila moja ikiletwa na kundi la watu wenye lugha yao. Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha za wiki ya kwanza. Kabla yake Wamaori wa New Zealand na Warusi walikuwa wameshapita. Baada yake wakaja Wagiriki, Wahindi na Wachina. Waliotoka Sudan Kusini, nchi iliyokuwa haijatimiza hata mwaka mmoja, walileta yao kwa Kiarabu cha Juba.

Kwa wapenzi wa fasihi ya Kiswahili, habari hiyo ina uzito kuliko inavyoonekana katika matangazo. Tamthilia za kejeli zilizotafsiriwa kwa Kiswahili si chache, ila maisha yake yamekuwa ya kabatini. Molière aliingia mapema: Mchuuzi Muungwana ya A. Morrison ilichapishwa mwaka 1961, na Mnafiki, ambayo ndiyo Tartuffe, ikatoka mwaka 1973 kwa mkono wa L. Taguaba. Mwaka 1974 A. S. Yahya alimleta Wole Soyinka katika Masaibu ya Ndugu Jero, kisa cha nabii wa pwani ya Lagos anayechunga waumini kama mtu achungaye ng'ombe wa maziwa. Mwaka 1979 Christon Mwakasaka akatoa Mkaguzi Mkuu wa Serikali ya Gogol. Vitabu hivi vilisomwa, vilifundishwa, na pengine vikaigizwa shuleni siku ya wazazi. Lakini ni nadra kusikia tafsiri ya Kiswahili iliyosafiri ikiwa hai, ikiwa na miili, sauti na jasho, kwenda kuchekwa mbele ya watu wa nchi ile ile ilikotungwa.

Shakespeare naye ana historia yake ndefu zaidi pwani hii, na historia hiyo ilianzia kisiwani. Mwaka 1867, Unguja, Edward Steere wa misheni ya UMCA alichapisha Hadithi za Kiingereza, visa vichache alivyovitoa katika kitabu cha Charles na Mary Lamb. Ndugu hao wawili walikuwa wamezisimulia tamthilia 20 za Shakespeare kwa nathari ili watoto wazielewe, na wanawake wa Windsor hawakuwamo katika hesabu hiyo. Kwa hiyo Mswahili wa Unguja aliweza kumsoma Mfalme Lear na mkopeshaji wa Venisi karibu karne moja na nusu kabla ya Falstaff kupata kinywa cha Kiswahili mbele ya ulimwengu. Baadaye akaja Julius Nyerere na Juliasi Kaizari mwaka 1963, kisha Mabepari wa Venisi mwaka 1969, na S. S. Mushi naye akatafsiri Makbeth mwaka 1968 na Tufani mwaka 1969. Ukizitazama kazi hizo utaona kwamba wafasiri walivutwa na wafalme, wauaji, wafanyabiashara na wachawi. Mji mdogo wenye wake wawili werevu, kasisi mgomvi na daktari mwenye hasira haukuonekana kuwa na hadhi ya kutosha kwa taifa lililokuwa likijijenga.

Sababu moja ni ya kifani. Nyerere alijitwisha mzigo wa mashairi yasiyo na vina, na alitaka kuonyesha kwamba Kiswahili kinaweza kuubeba. Wanawake wa Windsor hawana mzigo huo. Karibu tamthilia yote imeandikwa kwa nathari, tena nathari ya mitaani, yenye matusi, misemo na kukatizana maneno. Mtu asiyejua kazi ya tafsiri atadhani kwamba jambo hilo ni nafuu. La hasha. Shairi lina mifupa. Ukiishika mifupa, nyama hufuata. Mazungumzo ya sokoni hayana mifupa ya kushikwa. Yanaishi kwa lafudhi, kwa kasi na kwa kujua nani anamwambia nani neno gani mbele ya nani.

Kisa chenyewe ni chepesi. Falstaff, mungwana aliyefilisika, anafika Windsor na kuwaandikia barua za mapenzi wake wawili wa matajiri, Bi. Ford na Bi. Page. Anachokitaka ni funguo za masanduku ya waume zao. Barua zote mbili ni moja, tofauti ni jina tu. Wanawake wanazilinganisha, wanacheka, kisha wanakaa kitako kupanga adabu yake. Mara ya kwanza wanamficha katika kapu la nguo chafu, na kapu likaenda kumwagwa mtoni. Mara ya pili wanamvika nguo za bibi kizee, na mume mwenye wivu, Bwana Ford, anamcharaza bakora akidhani ni mchawi aliyempiga marufuku nyumbani mwake. Mara ya tatu wanamwita usiku wa manane msituni, chini ya mti wenye sifa ya mizimu, akiwa amevaa pembe za paa kichwani, na watoto wa mji waliojigeuza mashetani wanamfinya na kumchoma kwa mishumaa. Bwana Ford naye hasalimiki. Alijibadilisha jina na sura akaenda kumlipa Falstaff amtongozee mkewe mwenyewe, ili apate ushahidi. Mwisho anaomba radhi mbele ya watu. Hata Bi. Page, mshindi wa vita vyote, anapigwa chenga na binti yake Anne, ambaye anaolewa na kijana amtakaye wakati baba na mama kila mmoja amemwandalia mume wake wa siri.

Sasa kisa hiki na kishuke katika kituo kimoja kilicho mbali sana na Windsor. Mazinde iko chini ya ukuta wa milima ya Usambara, mwendo mfupi baada ya Mombo kwa atokaye Korogwe kuelekea Same. Huku upande mmoja ni mbuga ya mto Mkomazi na mashamba ya mkonge, na huku upande mwingine mlima umesimama wima kana kwamba unataka kuziba njia. Reli iliyoanzia Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, na ilipoendelea kuelekea Moshi ikapita hapo Mazinde chini. Lakini watu walikuwa wakipita muda mrefu kabla ya reli. Hii ilikuwa njia ya misafara ya kutoka Pangani kwenda bara, njia ya pembe, nguo, bunduki na watumwa.

Hapo ndipo alipokaa Semboja, mtoto wa Kimweri ye Nyumbai. Kimweri alipofariki mwaka 1862, kiti cha Vugha kilikwenda kwa mjukuu wake Shekulwavu, na Semboja hakuridhika. Alipigana akaishinda Vugha, mji wa wafalme ulioko juu milimani. Hata hivyo hakuhamia huko. Alimweka mwanawe kitini, mwenyewe akabaki Mazinde, kwa kuwa alitambua kwamba nguvu za zama zile zilikuwa zimeshuka bondeni, zikitembea na wapagazi. Alizoea watu wa pwani na mambo yao, na alisema lugha yao. Kwa jinsi hiyo Mazinde ikawa miongoni mwa milango ambayo Kiswahili kiliingilia Usambara, kikiwa lugha ya bei, ya ugeni na ya ujanja, kabla hakijawa lugha ya shule na serikali.

Na kwa Kiswahili hicho hicho Wakilindi waliandikiwa historia yao. Abdallah bin Hemedi, mtu wa pwani aliyeishi miaka mingi kati yao, aliandika Habari za Wakilindi, kitabu kilichochapwa na misheni ya UMCA kwa sehemu tatu kati ya 1895 na 1907. Misheni hiyo ndiyo ile ile iliyomtoa Steere na hadithi zake za Shakespeare. Shirika moja, ndani ya muda usiozidi miaka 40, lilitia katika Kiswahili visa vya Kiingereza na visa vya Usambara. Ni jambo la kushangaza kwamba aghalabu watu huvisoma mbali mbali, kana kwamba havikutoka tumbo moja.

Ukivisoma pamoja, kuna jambo linajitokeza. Mwanzo wa Wakilindi ni mgeni. Mbegha alikuwa mwindaji kutoka Nguu aliyefukuzwa kwao, akazunguka porini na mbwa wake akiua nguruwe, hatimaye akaingia Usambara. Hakuja na jeshi. Alikuja na nyama. Aliwagawia watu nyama, wao wakampa chakula cha shambani. Akawaamua walipogombana, wakamwozesha binti zao. Alipomuua simba huko Vugha wakamfanya mfalme. Falstaff naye ni mgeni mwindaji. Tamthilia inapofunguliwa, shitaka la kwanza dhidi yake ni kwamba amevamia shamba la hakimu na kuua paa asiyekuwa wake. Yeye pia anataka kulishwa na mji, na anataka wanawake wa mji. Tofauti ni kwamba Mbegha alitoa kabla ya kupewa, na Falstaff alichukua kabla ya kuomba. Watu wa Usambara walimpima mgeni wao kwa mkono wake wakamvika ngozi ya simba. Watu wa Windsor walimpima wao wakamvika pembe za paa na kumwinda kama mnyama aliyemwiba.

Ulinganisho huu haumaanishi kwamba Shakespeare alipata habari za Usambara, wala kwamba Abdallah bin Hemedi alimsoma Shakespeare. Unaonyesha kwamba swali ambalo tamthilia inaliuliza si geni kwa wenyeji wa Kiswahili: mji umfanyeje mgeni mwenye maneno mengi? Pwani yote imejengwa juu ya swali hilo. Kila bandari imempokea mtu aliyeshuka chomboni akidai nasaba kubwa kuliko mfuko wake. Gogol alilitia swali hilo katika ofisi za Urusi, Soyinka akalitia katika makanisa ya ufukweni Lagos, na wote wawili walipofika katika Kiswahili walijikuta wako miongoni mwa jamaa.

Kwa hiyo mfasiri wa Windsor hakuwa na haja ya kueleza hoja. Kazi yake ngumu ilikuwa katika maneno, na neno la kwanza la kutafakari liko katika jina. Kwa nini “wanawake wa heri”? Mswahili wa mwambao akisikia “heri” husikia baraka, amani, kuepushwa na shari. Haisikii furaha ya kelele wala mzaha. Neno la Kiingereza katika jina hilo ni lile lile la salamu za Krismasi, ambazo kwa Kiswahili zimezoeleka kuwa za heri, na kwa njia hiyo mtu anaweza kuona daraja lilipo. Mwingine angesema “wachangamfu”, mwingine “wacheshi”, na wote wangekuwa karibu zaidi na kamusi.

Hata hivyo ndani ya tamthilia Bi. Page anashikilia jambo moja: mwanamke anaweza kuwa mchekaji na mtani na bado awe mwaminifu kwa mumewe. Hilo ndilo ambalo Bwana Ford halielewi. Kwake kicheko cha mke ni ushahidi wa zinaa. Jina la Kiingereza linasema tu kwamba wanawake hawa ni wachekaji, na kuacha mtazamaji aamue kama ni wema. Jina la Kiswahili linatoa hukumu mlangoni: hawa ni wa heri, shari iko kwa wanaume. Mchambuzi wa maneno atasema kuna kitu kimepotea, yaani ile shaka ya mwanzo. Mpenzi wa mashairi atasema kuna kitu kimepatikana, kwa kuwa katika Kiswahili heri na shari ni mapacha wasioachana, na anayesikia la kwanza hulisubiri la pili. Kwa vyovyote vile, jina hilo si kosa la haraka. Ni uamuzi, na uamuzi una gharama.

Gumu la pili ni lafudhi. Kichekesho kikubwa cha Windsor kimejengwa juu ya watu wawili wanaokivunja Kiingereza: Evans, kasisi kutoka Wales, na Caius, daktari Mfaransa. Hapa Kiswahili hakina upungufu. Kina utajiri unaotisha. Kila mkoa wa Afrika Mashariki una namna yake ya kukigeuza Kiswahili, na kila mtu hutambua namna ya jirani yake kwa sentensi moja. Kuna anayebadili r na l, kuna anayekosa th na dh, kuna anayesahau ngeli zote isipokuwa moja. Hatari yake ni kwamba Wales na Ufaransa ziko mbali na hazitakasirika, lakini kabila la mtani limekaa kiti cha pili. Nchini Kenya, baada ya yale yaliyotokea kufuatia uchaguzi wa Desemba 2007, kucheka lafudhi ya mtu halikuwa jambo la kufanywa bila kufikiri. Kila mwigizaji wa Kiswahili anayemchukua Caius anapaswa kuamua kama anamcheka mtu au anamcheka daktari mwenye majivuno.

Wapo pia watakaouliza kwa nini Kiswahili kilichokwenda London kilikuwa cha Nairobi na si cha Mombasa, Lamu au Unguja. Swali hilo lina haki yake. Mwambao ndio uliokilea Kiswahili kwa tungo na tenzi, na ni kawaida ya mzazi kutaka kuonekana siku ya harusi. Lakini Kiswahili kilichosikika uani kwa Semboja pale Mazinde nacho hakikuwa cha ukumbi wa mashairi wa Lamu. Kilikuwa cha wapagazi, cha wageni na cha watu waliojifunza ukubwani, na ndicho kilichoipandisha lugha milimani. Tamthilia ya nathari ya mitaani haikuhitaji lugha ya diwani. Ilihitaji lugha yenye vumbi la njia, na Nairobi inayo.

Yanayohusu jukwaa lenyewe ni mepesi kueleza. Globe ya leo, iliyofunguliwa mwaka 1997, imejengwa kwa mfano wa jumba la 1599. Katikati hakuna paa. Watu husimama uani, na mchana mwanga ni wa jua. Katika tamasha lile hadhira haikuandikiwa tafsiri ya kila neno. Palikuwa na ubao wa maandishi ulioeleza kwa ufupi, kwa Kiingereza, kinachotokea katika kila onyesho, basi. Asiyejua Kiswahili aliachiwa macho yake. Maana yake ni kwamba kicheko katika jumba kama lile hutoka mara mbili: kwanza hucheka wanaojua neno, kisha hucheka wanaoona mwili. Msemaji wa Kiswahili aliyeko ughaibuni, ambaye mwaka mzima huwa wa mwisho kucheka katika lugha za wengine, kwa saa mbili anakuwa wa kwanza.

Furaha hiyo si ndogo. Lakini kuna la kuhofia. Lugha inaposikilizwa na watu wengi wasioielewa, huweza kugeuka kuwa rangi, kama kitenge kilichotundikwa ukutani. Wasikilizaji huisifu kwa mahadhi yake na hawaiulizi imesema nini. Sifa ya namna hiyo haijengi fasihi. Mfasiri aliyekesha akitafuta tusi linaloumiza bila kuchafua angependa kujua kama tusi lilifika. Kuambiwa kwamba lugha yake ina sauti tamu ni malipo duni.

Na kuna jambo kubwa zaidi. Tashtiti ina kawaida ya kumtafuta mtu aliyeko kwenye kiti. Tartuffe ilionyeshwa mbele ya Louis XIV mwaka 1664, ikapigwa marufuku kuonyeshwa hadharani hadi 1669, kwa sababu wanafiki wa dini walikuwa pale pale mjini. Mkaguzi ya Gogol ilifunguliwa Petersburg mwaka 1836 mbele ya Mfalme Nikolai mwenyewe, na baada ya miezi michache mwandishi wake akaondoka nchini kwa uchungu wa jinsi ilivyopokewa. Karibu na nyumbani, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ uliochezwa Kamĩrĩĩthũ mwaka 1977 ulikatazwa, na kabla mwaka haujaisha Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini. Kiswahili kiliupata baadaye, mwaka 1982, kwa jina la Nitaolewa Nikipenda. Katika mifano yote hiyo mtu aliyesemwa alikuwepo, alisikia, na alikasirika.

Nani alisemwa London mwaka 2012? Windsor ni mji wa ngome ya kifalme, na mwaka ule Malkia Elizabeth II alikuwa akiadhimisha miaka 60 ya kutawala. Mwishoni mwa tamthilia mna hata maneno ya kuibariki ngome hiyo. Waigizaji kutoka makoloni ya zamani walipozungumza kama wenyeji wa Windsor, kulikuwa na kejeli nzuri katika jambo lenyewe, na haina shaka kwamba wengine waliiona. Lakini mume mwenye wivu wa Afrika Mashariki, bwana mkubwa mwenye madeni anayetegemea cheo chake kukopa na kutongoza, mzazi anayeficha mume wa binti yake kama mtu afichaye mzigo wa magendo: hao hawakuwa wamesimama uani pale Globe. Walikuwa nyumbani. Tamthilia ilivuka bahari kwenda kuwasema watu iliowaacha nyuma.

Ndiyo maana safari yake haiwezi kuhesabiwa kuwa imekwisha London. Mwaka 1849 Otto Nicolai aligeuza kisa hiki kuwa opera ya Kijerumani, na mwaka 1893 Verdi, akiwa mzee wa karibu miaka 80, akakifanya opera ya Kiitalia huko Milan. Wajerumani na Waitalia walikichukua, na walipokichukua walikicheza kwao, mbele ya wake na waume wao. Kiswahili nacho kina haki ya kukirudisha. Mahitaji yake si makubwa. Waigizaji wanane walitosha kwa Globe. Linatakiwa benchi, tenga moja kubwa, nguo chafu, na mtu mnene asiyeogopa kuchekwa.

Ni rahisi kuiona Mazinde ikifaa. Soko lipo, barabara kuu ya Tanga na Moshi inapita, na wageni wenye maneno hawajawahi kukosekana. Tenga la nguo lingemwagwa Mkomazi badala ya Thames. Mti wa mizimu haungehitaji maelezo kwa watu ambao wazee wao waliyaheshimu makaburi ya wafalme msituni. Na juu mlimani, Mazinde Juu, kuna shule ya wasichana iliyoanzishwa mwaka 1989 na padri wa Kibenediktini, ambamo Anne Page angepata wasikilizaji wanaojua vizuri maana ya kuchaguliwa mume na watu wawili wasioulizana. Hapo “heri” ya jina ingetoka katika kamusi na kuwa hoja: je, ni heri ya nani, na nani anaitoa?

Kuna desturi moja ya njia za misafara inayoifanya tamthilia hii iwe ya nyumbani kuliko ilivyokuwa hata Uingereza, nayo ni utani. Makabila yaliyokutana njiani, yakapigana au yakafanya biashara, yaliwekeana haki ya kutukanana bila kukasirikiana. Mtani huweza kukuita mwizi mbele ya wakwe zako, na mtani huyo huyo ndiye anayekuja kwanza msibani. Adhabu zote za Falstaff ni za utani. Hatiwi gerezani, hafukuzwi mjini, hatozwi faini. Anaaibishwa mara tatu, kila mara zaidi, mpaka aseme mwenyewe kwamba amekuwa punda.

Kisha Bi. Page anafanya jambo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka. Anawaalika wote warudi nyumbani wakaote moto na kuucheka mchezo huo, na Falstaff naye amo katika mwaliko. Usiku wa Lushoto, ambako baridi huwalazimisha watu kusogeleana, maana ya mwaliko huo haihitaji mfasiri. Mgeni aliyeua paa wa watu anasogezewa kigoda, na hakuna anayemuuliza pembe zake ameziacha wapi.